Soma Kwanza, Sema Baadaye: Kifaransa cha Kuanzia kwa Mswahili wa Masoro

Ukiishi Masoro, hapa Kigali, Kifaransa kimekuzunguka hata kama hukisemi. Ukielekea Ndera unapita kibao cha Petit Séminaire. Hospitali kubwa ya mjini inajulikana kwa herufi za Kifaransa, CHUK, yaani Centre Hospitalier Universitaire de Kigali. Shule ya watoto imeandikwa GS mlangoni, na hiyo ni Groupe Scolaire. Ndani ya eneo maalumu la viwanda, mzigo wa Goma au Bukavu hutembea na facture na bon de livraison. Ukilipa karo benki, shule inakudai bordereau, ile stakabadhi ya kuweka fedha.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili aliyesoma kwa Kiingereza, akaja Kigali kwa kazi, biashara au chuo, na sasa anataka Kifaransa cha msingi: sarufi, tahajia na kuelewa anachokisoma. Haufundishi kuongea, na nimeuacha hivyo kwa makusudi. Kifaransa kina tabia moja inayowasumbua Waswahili kuliko watu wengi: kinaandika mambo mengi ambayo hakiyatamki, na hayo yasiyotamkwa mara nyingi ndiyo sarufi yenyewe. Anayekikamata kwa sikio peke yake ataweza kuagiza chai na kusalimia, lakini atakwama mbele ya karatasi. Anayeanza na jicho na kalamu ataelewa karatasi mapema, na mdomo utafuata kwa kuzungumza na watu.

Na watu wapo. Kabla ya mwaka 2008 shule za Rwanda zilifundisha kwa Kifaransa kwa sehemu kubwa. Mwaka huo serikali iliamua kuhamia Kiingereza, mwaka mmoja baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mama mwenye duka mwenye umri wa miaka hamsini anaweza kuwa na Kifaransa safi cha shule, huku mwanawe wa chuo akiwa na Kiingereza tu. Mwombe huyo mama akusomee aya moja kwa sauti. Wazee wengi waliosoma enzi hizo hufurahi kuulizwa, na wanaijua imla vizuri, kwa kuwa walikua nayo.

Ngeli unazo tayari

Watu waliopitia Kiingereza huogopa le na la. Kwa nini meza iwe ya kike na kitabu kiwe cha kiume? Wewe huna sababu ya kushangaa. Umekua ukisema kitabu changu kimeanguka na meza yangu imeanguka, na hukuwahi kuuliza kwa nini kitabu ni cha ki- na meza ni ya i-. Kifaransa kina makundi mawili tu ya nomino, la kiume na la kike, kila moja na umoja na wingi wake. Ukilinganisha na ngeli zetu, au na zile za Kinyarwanda, ni machache mno. Jina linaamua, na maneno mengine yote yanalifuata. Upatanisho huo uko kwenye damu yako.

Tofauti iko hapa. Chukua sentensi yetu: vitabu vyangu vikubwa vimeanguka. Wingi unasikika mara nne, kwenye kila neno, tena mwanzoni mwa neno. Sasa sentensi hiyohiyo kwa Kifaransa: mes grands livres sont tombés. Wingi umeandikwa mara tano, lakini sikio linausikia mara mbili tu, kwenye mes na kwenye sont. Zile s za grands, livres na tombés hazitamkwi kabisa. Kwa hiyo upatanisho wa Kifaransa uko mwishoni mwa neno, nao ni wa macho. Zoea kutupa jicho kwenye herufi ya mwisho ya kila neno kama unavyolitupa kwenye silabi ya kwanza ya neno la Kiswahili.

Unapoandika nomino mpya daftarini, usiiandike peke yake, wala usiiandike na le au la. Iandike na un au une. Neno linaloanza kwa sauti ya irabu hula ile e au a ya le na la, likabaki na l' tu, na hapo jinsia imefichika: l'usine, l'hôpital, l'école, l'ordinateur. Ukiandika une usine, un hôpital, une école, un ordinateur, jambo limekwisha.

Miisho nayo husaidia. Majina yanayoishia na -tion, -ette na -ence ni ya kike karibu yote: la production, l'information, la facturette, l'absence. Yanayoishia na -ment, -isme na -age kwa kawaida ni ya kiume: le paiement, le tourisme, le garage. Yapo yanayokaidi, kama la page, la plage, l'image na le silence. Hayo yakariri kama yalivyo, usipoteze jioni kutafuta sababu.

Herufi zisizotamkwa na zinakotoka

Mswahili amelelewa na tahajia ya kweli: unachokiona ndicho unachokitamka. Ndiyo maana temps, yenye herufi tano na sauti mbili tu, humkera. Herufi nyingi za namna hiyo zilitamkwa zamani, mdomo ukaziacha na kalamu ikabaki nazo. Nyingine ziliwekwa au kubakizwa na waandishi waliotaka neno lifanane na asili yake ya Kilatini: temps inakumbuka tempus, na ile g ya doigt, kidole, inakumbuka digitus. Mwaka 1990 yalitangazwa marekebisho ya tahajia yaliyoruhusu, kwa mfano, connaitre bila kofia juu ya i. Tahajia zote mbili zinakubalika, kwa hiyo ukikuta neno limeandikwa kwa namna mbili, usidhani mmoja kakosea.

Kwa bahati nzuri, kutoka herufi kwenda sauti kanuni ni imara, na nyingi unaweza kuziegemeza kwenye Kiswahili. Ou ni u yetu. Ch ni sh yetu. Gn ni ny yetu, kama kwenye montagne. Oi husikika kama wa: trois ni trwa. Qu ni k. C mbele ya e na i ni s, na yenye mkia, ç, ni s siku zote. O, au na eau zinatoa sauti ya jamii moja. H haitamkwi. Konsonanti ya mwisho kwa kawaida hunyamaza, isipokuwa mara nyingi c, f, l na r, kama kwenye avec, neuf, hôtel na bonjour. Ile r ya mwisho wa vitenzi kama payer hunyamaza nayo. Usipotaka kukariri chochote kingine, kariri hiyo ya payer, kwa sababu tutairudia.

Kuna kanuni moja ambayo Mswahili anaipata bure. Sauti ya puani huandikwa kwa n, lakini mbele ya b na p huandikwa kwa m: novembre, chambre, simple. Sisi huandika mbegu na mpaka, hatuandiki nbegu wala npaka. Ni sheria hiyohiyo.

Alama juu ya herufi si mapambo. Marche ni mwendo au kipandio cha ngazi, na marché ni soko. Il parle ni anaongea, na il a parlé ni ameongea. Kwenye simu, bonyeza e bila kuachia na alama zitatokea. Fanya hivyo kila mara, hata kwenye ujumbe wa haraka, maana anayeandika bila alama kwa mwezi mzima huzoea kutoziona hata anaposoma. Na angalia herufi kubwa: Kiswahili huandika Jumatatu, Septemba na Kifaransa kwa herufi kubwa, ila wenzetu huandika lundi, septembre na le français kwa ndogo. Mtu ndiye anayepata kubwa: un Français, une Rwandaise.

Vitenzi: vinne halafu kundi moja

Usinunue kitabu cha majedwali mwezi wa kwanza. Bescherelle ni kitabu kizuri na utakihitaji baadaye, lakini anayeanza akifunguliwa kurasa mia za vitenzi hukata tamaa. Anza na être (kuwa), avoir (kuwa na), aller (kwenda) na faire (kufanya), kwa wakati uliopo. Viandike kila asubuhi mpaka mkono uvijue. Kisha chukua kundi la vitenzi vinavyoishia na -er, ambalo ndilo lenye vitenzi vingi kuliko yote.

Mfano ni parler: je parle, tu parles, il parle, nous parlons, vous parlez, ils parlent. Hesabu. Maumbo yaliyoandikwa ni matano. Yanayosikika ni matatu, kwa kuwa parle, parles na parlent hutamkwa sawa kabisa. Ile -ent ya mwisho haina sauti yoyote. Wanafunzi wengi wakiiona huitamka kama ile ya paiement, na hapo wanapoteza maana, kwa sababu -ent kwenye kitenzi kazi yake ni moja: inakuambia watendaji ni wengi. Ni wa- yetu, ila imehamishiwa mwishoni na kunyamazishwa.

Wakati uliopita jifunze ule wa maneno mawili: j'ai payé, nimelipa, nous avons mangé, tumekula. Vitenzi vichache, hasa vya kwenda na kuja, huchukua être badala ya avoir: kufika, kuondoka, kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuzaliwa, kufa, kubaki, kuanguka. Vikichukua être, mwisho wake humfuata mtendaji: il est arrivé, elle est arrivée, ils sont arrivés. Sikio halisikii tofauti kati ya arrivé, arrivée na arrivés, lakini barua inaonyesha kama aliyefika ni mwanamume, mwanamke au kundi.

Wakati ujao ni rahisi kuutambua: tafuta r kabla ya mwisho, na mwisho wenyewe ni -ai, -as, -a, -ons, -ez au -ont. Il payera, atalipa. Ils payeront, watalipa. Hiyo r ni -ta- yako.

Makosa makubwa ya tahajia hutokea kwenye maneno yanayosikika sawa. Walimu wa Kifaransa wana ufundi wa zamani wa kuyatenganisha, nami nauona bora kuliko kanuni zote za kitabuni: badilisha neno, uone kama sentensi bado inasimama. Je, uandike a au à? Weka avait. Il a un camion, inakubali avait, basi ni a bila alama. Il va à Rusumo, haikubali, basi ni à. Et na est? Ikikubali était, ni est. Son na sont? Ikikubali étaient, ni sont. Ikikubali mon, ni son. On na ont? Ikikubali avaient, ni ont. Ikikubali il, ni on. Ou na où? Ikikubali ou bien, haina alama.

Sasa ile payer. Payer, payé na payez husikika sawa. Weka kitenzi vendre, kuuza, ambacho maumbo yake husikika tofauti. Il faut payer: ungesema il faut vendre, basi ni -er. J'ai payé: ungesema j'ai vendu, basi ni -é. Vous payez: ungesema vous vendez, basi ni -ez. Hata Wafaransa wenyewe hukosea hapa, na wewe ukiuzoea mtihani huu wa vendre utaandika vizuri kuliko baadhi yao.

Namba za hapa si namba za Paris

Kifaransa kilifika Rwanda kwa njia ya Ubelgiji, iliyotawala baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kilikuja na hesabu ya Kibelgiji. Rwanda, Burundi na Kongo, sabini ni septante na tisini ni nonante. Ufaransa wanasema soixante-dix, sitini na kumi, na quatre-vingt-dix, nne mara ishirini na kumi. Themanini ni quatre-vingts kote huku na kule. Vitabu vingi vya kujifunzia hutoka Ufaransa, kwa hiyo utasoma soixante-quinze mille kitabuni na kusikia septante-cinq mille sokoni. Zote ni 75,000. Jifunze kuandika zote, ila kwa matumizi ya kila siku shika ya hapa, ni nyepesi zaidi.

Kwa aliye ghalani kuna jambo zito zaidi. Katika uandishi wa Kifaransa, mkato hutenga desimali, na elfu hutengwa kwa nafasi au kwa nukta. 1,5 kg ni kilo moja na nusu. Lakini 2.500 kg kwenye karatasi iliyoandikwa kwa desturi ya Kibelgiji ni kilo elfu mbili na mia tano, si mbili na nusu. Ukipokea bon de livraison, kabla ya kusaini linganisha poids net, uzito wa bidhaa yenyewe, na poids brut, uzito pamoja na vifungashio. Ukiwa na shaka na nukta, uliza.

Tangazo moja, polepole

Kuelewa maandishi hakuanzi kwa kutafsiri neno baada ya neno. Nimeandika tangazo dogo la aina ambayo mzazi anaweza kuletewa na mtoto:

Avis aux parents. Les cours reprendront le lundi 8 septembre à 7 h 30. Les élèves qui n'ont pas encore payé les frais scolaires doivent se présenter au secrétariat avant le vendredi 5 septembre, munis du bordereau de versement. Le secrétariat n'est ouvert que le matin.

Soma lote mara moja bila kamusi. Nani anamwambia nani? Avis aux parents: ni ilani kwa wazazi. Tarehe ni mbili. Tayari unajua ni mambo ya shule na kuna siku ya mwisho ya jambo fulani. Sasa tafuta vitenzi, uvipigie mstari: reprendront, n'ont pas payé, doivent se présenter, n'est ouvert que. Mifupa ya tangazo ni hivyo vinne.

Reprendront ina r na -ont: wakati ujao, wingi. Masomo yataanza tena. Doivent inaishia na -ent, basi wanaopaswa ni wengi: ni les élèves, wanafunzi. Lakini si wote. Neno qui, amba-, linawachuja: wale ambao hawajalipa bado karo. Ne na pas zimekizunguka kitenzi ont, na encore inaongeza bado. Mzazi aliyekwisha kulipa anaweza kuacha kusoma hapo na kurudi jikoni.

Aliyebaki aangalie avant. Avant le vendredi 5 maana yake kabla ya Ijumaa tarehe 5, kwa hiyo siku ya mwisho iliyo salama ni Alhamisi. Kama Ijumaa yenyewe ingehesabiwa, mwandishi makini angeandika jusqu'au vendredi 5 septembre inclus. Watu hukosa nafasi za kazi kwa kutoona tofauti hiyo.

Kisha munis du bordereau de versement: wakiwa na stakabadhi ya benki. Nani awe nayo? Tazama herufi ya mwisho ya munis. Kama neno lingehusu secrétariat, lingekuwa muni, bila s. Ile s isiyotamkwa inalirudisha neno kwa les élèves: ni mwanafunzi anayetakiwa kwenda na karatasi, asitegemee kuikuta ofisini.

Sentensi ya mwisho ndiyo mtego. Msomaji mpya anaona n' na anadhani ofisi haifunguliwi asubuhi. Ne ikifuatana na que si ukanusho, maana yake ni tu: ofisi hufunguliwa asubuhi tu. Na le matin hapa si asubuhi moja, ni kila asubuhi. Mzazi aliyeelewa kinyume atafika saa nane mchana na kukuta mlango umefungwa.

Ne ina wenzake wengine wa kuwaangalia: ne na plus ni tena, il n'y a plus de places, hakuna nafasi tena; ne na jamais ni kamwe; ne na rien ni hakuna kitu. Ukiona ne, usitafsiri kwanza. Endelea mbele utafute mwenzake, halafu ndipo uamue.

Chukua tangazo la namna hii kila siku na ulipitie hivyohivyo. Nusu saa inatosha. Pakiti za bidhaa nazo ni somo zuri: à conserver au frais, hifadhi mahali pa baridi, à consommer de préférence avant le, ni bora kutumiwa kabla ya tarehe. Ukutani kiwandani: défense de fumer, marufuku kuvuta sigara, port du casque obligatoire, kuvaa kofia ngumu ni lazima.

Kiingereza chako kitakusaidia na kukudanganya

Maelfu ya maneno ya Kiingereza yalitoka Kifaransa, na mwanafunzi wa vyuo vya Masoro, kule AUCA au ALU, atayatambua mengi tangu siku ya kwanza. Hayo yachukue kwa shukrani. Machache yafuatayo yaogope. Librairie ni duka la vitabu, na maktaba ni bibliothèque: Ikirezi ya Kigali ni librairie, na maktaba ya umma iliyofunguliwa Kacyiru mwaka 2012 ni bibliothèque. Passer un examen ni kufanya mtihani tu; kufaulu ni réussir. Rester si kupumzika, ni kubaki. Demander ni kuomba au kuuliza, bila ukali wowote. Actuellement ni kwa sasa. Assister à ni kuhudhuria. Formation ni mafunzo, na stage, neno ambalo kila mhitimu wa Kigali analijua, ni mafunzo kazini.

Imla, na vitabu vya kusogea navyo

Redio ya RFI ina kipindi kiitwacho Journal en français facile, habari za dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake huwekwa mtandaoni. Sikiliza sentensi tatu, simamisha, andika ulichosikia, kisha fungua maandishi na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Makosa yako yagawe mafungu mawili. La kwanza ni la herufi: umeandika bato badala ya bateau. Hilo litaisha lenyewe kwa kusoma sana. La pili ni la upatanisho: umesahau s, e au -ent. Hilo haliishi lenyewe. Kila kosa la fungu la pili, andika sentensi nzima upya na uchore mshale kutoka neno linalofuata hadi neno linaloongoza. TV5Monde nayo ina mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi, kuanzia ya chini kabisa, A1.

Kwa anayesali, Biblia ya Louis Segond ni kitabu cha kusomea chenye faida kubwa, kwa kuwa tayari unazijua habari zenyewe kwa Kiswahili na huhitaji kamusi kila mstari. Tahadhari moja: simulizi zake hutumia wakati uliopita wa vitabuni, usiosemwa mitaani. Yatambue maumbo fut (alikuwa), eut (alikuwa na), fit (alifanya), vint (alikuja) na alla (alikwenda), lakini usiyatumie kwenye barua yako.

Kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa ipo ya padri Charles Sacleux, aliyeishi Bagamoyo na Zanzibar; ilichapwa Paris mwaka 1939 na mpaka leo ni hazina ya maneno ya pwani. Ya Alphonse Lenselaer ya mwaka 1983 ni nyepesi zaidi kwa matumizi ya leo. Ukishafika ngazi ya A2, jaribu kusoma kwa lugha mbili: Le Petit Prince ya Antoine de Saint-Exupéry inapatikana kwa Kiswahili kama Mwana Mdogo wa Mfalme, na Une si longue lettre ya Mariama Bâ ni Barua Ndefu Kama Hii. Soma sura ya Kiswahili leo, ya Kifaransa kesho. Sheria za Rwanda nazo huchapishwa kwenye gazeti la serikali kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, mara nyingi katika safu zinazokwenda sambamba. Ibara fupi moja kwa siku, ukifunika safu ya Kiingereza kwa karatasi, ni zoezi gumu lenye malipo. Baada ya hapo Petit Pays ya Gaël Faye, riwaya ya mwaka 2016 inayosimulia utoto wa Bujumbura, itasomeka.

Ukihitaji cheti, mtihani ni DELF. Ngazi ya A1 ina sehemu nne, kila moja alama 25: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Unafaulu ukipata 50 kati ya 100, mradi hakuna sehemu uliyopata chini ya 5, na cheti hakiishi muda. Anayefuata njia hii huingia akiwa na nguvu kwenye kusoma na kuandika, kwa hiyo miezi miwili kabla ya mtihani hamishia nusu saa yako kwenye kusikiliza na kuongea. Mrudie yule mama wa duka, na safari hii mwombe akuulize maswali. Katika karatasi ya kusoma, anza na maswali ndipo usome matini, pigia mstari tarehe, saa, bei na kila ne, na kabla hujaandika jibu hakikisha umemwona mwenzake.